Sensa sita za hewa ukaa, meza moja, namba sita tofauti. Nani mwongo?

#1 Kipimo_Kimoja
Wakuu, salamu.

Nimeunda vipima sita vya kaboni dayoksaidi (CO2) vya ndani ya jengo. Kila kimoja kina sensa ya MH-Z19B, ESP8266 ya kutuma data kwa waifai, na kisanduku cha plastiki nilichokitoboa matundu pembeni. Nataka kujua chumba kipi kinakosa hewa na saa ngapi, bila kuingia kwenye vifaa vya maabara.

Siku ya kwanza niliviweka vyote mezani, karibu na dirisha lililo wazi. Vikasoma kati ya 428 na 471 ppm (sehemu za CO2 kwa kila sehemu milioni za hewa), nikafurahi. Nikavisambaza vyumbani kwa wiki tano. Juzi nimevirudisha meza ile ile, dirisha lile lile, nikavipa saa nzima vitulie:

Na. 1: 432
Na. 2: 447
Na. 3: 418
Na. 4: 611
Na. 5: 400, haitikisiki
Na. 6: inaruka kati ya 390 na 880

Hewa ni ile ile moja. Nimwamini nani? Sensa za bei nafuu zinafaa kazi hii au najidanganya?

#2 MzeeWaKona
Nimefungua uzi mbio nikidhani tunahesabiwa tena. Kumbe sensa ya hewa. Kwa Kiswahili hicho ni kihisi, kijana.

#3 Dada_Volti
Na. 6 ndiyo rahisi. Waya wake wa umeme una urefu gani? MH-Z19B inataka volti 4.5 hadi 5.5, na taa yake ya ndani ikiwaka huvuta hadi miliampia 150 kwa mkupuo. ESP8266 nayo ikituma data inavuta kwa mikupuo. Kwenye waya mwembamba volti inazama, taa inafifia, sensa inadhani mwanga umemezwa na gesi. Weka kapasita (kipande kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) ya mikrofaradi 470 miguuni pa sensa kabisa, si mwanzoni mwa waya, kisha urudi hapa.

#4 Taa_na_Kioo
Naendelea alipoishia Dada_Volti, maana wengi tunanunua kitu hiki bila kukifungua. Ndani kuna taa ndogo, kijumba kilichopakwa dhahabu ili mwanga udunde kuta hadi kuta, na mwisho wake kipokezi chenye chujio la mwanga wa infraredi wa mikromita 4.26. CO2 humeza mwanga wa urefu huo. Gesi ikizidi, mwanga unaofika unapungua, na hesabu inafanywa kutokana na upungufu huo.

Kwa hiyo chochote kinachopunguza mwanga kitaitwa CO2: vumbi, unyevu ulioganda kwenye kioo, taa kuchoka. Sensa ghali zaidi zina njia ya pili, kwenye takriban mikromita 4 ambako CO2 haimezi kitu. Njia zote mbili zikififia pamoja, sensa inajua kosa ni la taa. Zenye njia moja hazina pa kulinganishia. Mimi Na. 4 naiweka kwenye fungu la taa iliyochoka.

#5 Chap_Chap
Mnajisumbua bure. Chukua MQ-135, ni rahisi mara kadhaa kuliko hizo, unasoma volti moja kwa moja, kazi imeisha.

#6 Bi_Maabara
Chap_Chap, hapana. MQ-135 ni punje ya oksidi ya bati inayopashwa moto. Inaitikia amonia, pombe, benzini na moshi. CO2 haiipimi kwa kutegemeka. Hata hizi zinazoandikwa "eCO2", mfano CCS811 na SGP30, ni ukoo huo huo: zinanusa mvuke wa kemikali, halafu programu inakisia CO2 kwa kudhani mvuke wote umetoka kwa watu waliomo chumbani. Hiyo herufi e ndogo ndiyo inayobeba uongo wote.

Nilikuwa na kimoja mezani. Kila msafishaji akipita na dawa yake ya kufutia meza, kinatangaza 3000. Chumba kina watu wawili. Mwenye wasiwasi na kipima chake asogeze pamba yenye spiriti karibu nacho. Kikiruka hadi maelfu, hicho si kipima CO2, hata kama kioo chake kimeandika hivyo kwa maandishi makubwa.

#7 Chap_Chap
Kumbe ndiyo maana changu kilipiga kelele nilipojipulizia manukato. Nilidhani kinanisifia.

#8 Hesabu_Tu
Turudi kwenye Na. 5. Hiyo ni ABC, wala sihitaji kuiona.

Kwa wasioijua: ni programu ndani ya sensa inayojirekebisha yenyewe. Inatazama namba ya chini kabisa iliyoiona ndani ya muda fulani, inadhani hiyo ndiyo hewa ya nje, inaiita 400. Kwa MH-Z19B muda huo ni saa 24. Kwa Senseair S8, sensa nyingine ya CO2, ni karibu siku nane. Sensirion SCD40 na SCD41 zinataka zionje hewa safi walau mara moja kwa wiki. Ni ujanja mzuri pale ambapo watu huondoka jioni na chumba kikapoa.

Chumba kisichowahi kuwa kitupu ni balaa. Tuseme hakijawahi kushuka chini ya 700. Sensa inasema "hii 700 ni 400". Ukiipeleka dirishani kwenye 430, kwa hesabu yake iko kwenye mia na kitu, na kwa kuwa programu yake mara nyingi haishuki chini ya 400, inakwama hapo. Haikuonyeshi hata kwamba imepotea.

Swali kwa mwenye uzi: chumba cha Na. 5 kinalala lini?

#9 Kipimo_Kimoja
Hakilali. Ni chumba cha walinzi wa zamu, usiku na mchana. Umenimaliza.

Zile wiki tano za data za chumba hicho nilikuwa nimeshaziandikia ripoti kwamba ndicho chumba chenye hewa nzuri kuliko vyote.

#10 MzeeWaKona
Walinzi wameisikia hiyo ripoti?

#11 Juu_Kileleni
Mbona hamtaji mgandamizo wa hewa? Sensa hizi zinahesabu molekuli zilizomo kwenye kijumba, haziangalii uwiano. Kwenye mita 1,500 mgandamizo ni kama hektopaskali 845, dhidi ya 1,013 usawa wa bahari. Sensa isiyoambiwa hivyo inapunja kwa asilimia 16 au 17. Mimi nje nilisoma 350 nikadhani nimegundua msitu.

#12 Hesabu_Tu
Kweli tupu, ila haijibu swali. Sensa zote sita ziko meza moja. Mlima ungezishusha zote kwa pamoja.

Ila umegusa jambo. ABC ikiwa imewashwa huko juu, itainua ile 350 iwe 400 na utadhani umepona. Kumbe kwenye mstari unaogeuza mwanga kuwa namba umerekebisha mwanzo tu, mteremko wake bado haujakaa sawa. Ukifika 1500 za kweli utasoma pungufu. SCD41 inakuruhusu kuiambia mwinuko au mgandamizo. MH-Z19B lazima ufanye hesabu mwenyewe kwenye programu yako.

#13 Dada_Volti
@Taa_na_Kioo, nina pingamizi na bandiko #4. Kama Na. 4 imepanda kwa sababu taa imechoka, ABC ingeiona namba ya chini ya usiku, ingeishusha. Ndiyo kazi yake. Kwa nini haikuishusha?

#14 Taa_na_Kioo
Pingamizi halali. Labda imechoka haraka kuliko ABC inavyorekebisha.

#15 Dada_Volti
Wiki tano? Hapana. Kipimo_Kimoja, kwenye chumba cha nne, umeme wa soketi unazimwa jioni?

#16 Kipimo_Kimoja
Unazimwa. Kuna swichi kuu, wa mwisho kutoka anaizima. Kwenye grafu kila siku data inakatika kama saa 12 jioni na kuanza asubuhi watu wakifika.

#17 Dada_Volti
Basi. Saa 24 za ABC zinahesabiwa tangu sensa ilipowashwa. Ya kwako haijawahi kufikisha saa 24 hata siku moja, kwa hiyo haijawahi kujirekebisha tangu umeipeleka huko. Na. 5 imejirekebisha kupita kiasi, Na. 4 haijajirekebisha kabisa. Sensa aina moja, maradhi mawili yanayopingana.

#18 Taa_na_Kioo
Sawa, lakini hiyo inaeleza kwa nini haikushuka. Haielezi kwa nini ilipanda. Bado kuna kitu kilichoisukuma juu kwa karibu ppm 150. Narudi kwenye taa, au vumbi. Au iliangushwa wakati wa kufungwa ukutani. Kijumba kikitikisika hata kidogo, njia ya mwanga inabadilika.

#19 Kipimo_Kimoja
Haikuangushwa.

(Ilianguka mara moja. Kwenye kapeti.)

#20 MwanaDirisha
Niulize kama mtu wa kawaida: 611 au 447, inabadilisha nini? Sheria ya ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa joto na hewa ya majengo, inasema isizidi 1000. Zote ziko chini.

#21 Bi_Maabara
Marekebisho mawili. Kwanza, kiwango cha ASHRAE cha sasa, 62.1, hakina mstari wa 1000 ppm kwa CO2. Kinazungumzia kiasi cha hewa safi ya kuingiza kwa kila mtu na kwa ukubwa wa chumba, na mwaka 2022 walitoa waraka mzima kueleza kwamba CO2 peke yake haitoshi kusema hewa ni nzuri. Hiyo 1000 ni ya zamani zaidi: Max von Pettenkofer wa Munich aliitaja mwaka 1858. Alipima kwa maji ya bariti (yenye hidroksidi ya bariamu), akaichukua CO2 kama alama ya uchafu mwingine unaotoka miilini mwetu. Hakusema CO2 ya kiasi hicho ni sumu. Kikomo cha OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, kwa mfanyakazi wa saa nane ni 5,000.

Pili, kosa la 150 kwenye hewa ya nje si lazima libaki 150 likifika 1200. Linaweza kukua. Hapo unafungua dirisha la chumba kisicho na shida na kuacha chenye shida.

#22 Mpita_Njia
Samahani kuingilia. Nina jiko la gesi ndani na nimekuwa na wasiwasi wa watu kufa usingizini. Nikiunda hiki kipima kitaniamsha?

#23 Bi_Maabara
HAPANA. Inayoua usingizini kimyakimya majumbani mara nyingi ni kaboni MONOKSAIDI (CO), gesi nyingine kabisa. Inadhuru kwa kiasi kidogo sana, na sensa za uzi huu haziioni. Tafuta king'ora cha CO kilichothibitishwa, kisiwe cha kujiundia. Tafadhali wengine msilichanganye hili hata kwa utani.

#24 Mpita_Njia
Nimekuelewa. Asante sana.

#25 Chap_Chap
Swali la mahali pa kuweka. CO2 ni nzito kuliko hewa, si ningeiweka sakafuni?

#26 Hesabu_Tu
Ingekuwa inatulia sakafuni, watoto wanaotambaa wangekuwa wa kwanza kuzimia. Chumbani hewa inazunguka yenyewe kwa joto la miili na watu kupita, inachanganyika. Weka usawa wa pua ya mtu aliyekaa, mbali na dirisha, na zaidi ya mita moja kutoka mdomo wa mtu. Pumzi tunayotoa ina CO2 kama asilimia 4, yaani ppm 40,000. Ukiiweka karibu na kiti chako unapima maongezi yako.

Na kuna kitu kizuri kuliko namba yenyewe. Mtu aliyekaa tu anatoa kama lita 18 za CO2 kwa saa. Chumba cha mita 50 za ujazo kilichofungwa vizuri kinapanda takriban ppm 360 kwa saa kwa kila mtu. Watu wakitoka, angalia inavyoshuka. Tuseme nje ni 420, chumba kimetoka 1800 hadi 800 ndani ya saa moja: toa 420 pande zote, unapata 1380 na 380. Gawanya, chukua logi asilia, unapata kama 1.3. Hewa ya chumba inabadilishwa mara 1.3 kwa saa. Sensa ikiwa imepotoka kwa mteremko tu, upotofu huo unajifuta kwenye mgawanyo. Kwa hiyo hata sensa ya kawaida inaweza kukupa jibu la maana ukijua swali la kuiuliza.

#27 MzeeWaKona
Subiri. Kumbe kwa kuangalia pumzi tu unaweza kujua watu wangapi wamo chumbani?

#28 Hesabu_Tu
Kwa kukadiria, ukijua hewa inaingia kiasi gani, ndiyo.

#29 MzeeWaKona
Basi naondoa pingamizi langu la #2. Ni sensa.

#30 Juu_Kileleni
Na wale watafiti waliosema 1000 inapunguza akili? Niliwahi kusoma kwamba bosi akikaa kwenye 2500 anaamua ovyo.

#31 Bi_Maabara
Ule wa 2012 wa Satish na wenzake, kwenye 600, 1000 na 2500. Walikuta ufanyaji maamuzi unashuka. Baadaye wengine waliongeza CO2 safi hadi 3000 bila kukuta kitu, ila walipoacha CO2 ijikusanye pamoja na mivuke mingine ya miili ya watu, madhara yakaonekana. Kuna walioipima hata kwa wanamaji wa nyambizi. Kwa hiyo bado inabishaniwa kama kosa ni la CO2 au la ile mivuke inayotoka nayo. Bosi wako anaweza kuwa na sababu nyingine.

#32 Kipimo_Kimoja
Naomba turudi kwenye bei. Nikitaka kuunda sensa yenyewe, taa, mrija, kipokezi chenye chujio, si ingeshuka zaidi?

#33 Taa_na_Kioo
Nimejaribu. Vipande unavipata. Kinachokuua ni kukalibreti. Kiwandani kila sensa inapitishwa kwenye gesi inayojulikana, viwango kadhaa, joto kadhaa, kisha namba zake zinaandikwa kwenye kumbukumbu yake. Unanunua muda wa chemba hiyo zaidi ya vipande. Mimi niliyeunda mwenyewe nilipata kitu kilichokuwa kipimajoto kizuri sana: jua likiingia chumbani, CO2 inapanda.

#34 Bi_Maabara
Kuna njia ya kati: nunua sensa, uikague mwenyewe. Chukua pipa la plastiki la lita 60 linalofunga vizuri. Weka sensa zote ndani pamoja na feni ndogo ya kuchanganya hewa. Tengeneza CO2 kwa siki na soda ya kuokea, ivute kwa sirinji. Mililita 60 ndani ya lita 60 ni ongezeko la ppm 1000. Iingize pipani, funga, subiri, soma zote. Kwa upande wa sifuri, chokaa ya soda itaimeza CO2 iliyomo. Usahihi si wa maabara, maana gesi ya siki hutoka na unyevu na sirinji hukosea, lakini itakuonyesha ipi inatofautiana na wenzake, na kama inatofautiana mwanzoni au kwenye mteremko.

ABC izime kabla (kwa MH-Z19B ni amri 0x79 yenye 0x00), la sivyo itajifunza hewa ya pipa.

#35 Dada_Volti
Ukishazima, kalibreti kwa mkono mara moja moja: hewa ya nje dakika 20 au zaidi, kisha mguu wa sensa unaoitwa HD uuunganishe na waya wa GND (volti sifuri) kwa sekunde zaidi ya 7. Usifanye chumbani na mlango umefungwa kama mimi. Nilikaa mwezi mzima nikijivunia hewa safi kuliko ya Mauna Loa, mlima wa Hawaii wanakopimia CO2 ya dunia.

#36 Hesabu_Tu
Hata hiyo 400 yenyewe imepitwa. Vipimo vilipoanza Mauna Loa mwaka 1958 vilikuwa karibu 315. Wastani wa 2024 umepita 424. Sensa inayodhani nje ni 400 inakupunja 20 na kitu kabla hujaanza.

#37 Chap_Chap
Na hizi ndogo za SCD41? Nasikia zinasikiliza gesi.

#38 Taa_na_Kioo
Ndiyo, ni fotoakustiki. Mwanga unapigwa kwa mapigo, CO2 inaumeza, inapashwa na kutanuka, mawimbi yanasikika na maikrofoni. Alexander Graham Bell aliona jambo hilo mwaka 1880. Haihitaji njia ndefu ya mwanga, ndiyo maana inaingia kwenye kipande cha takriban milimita 10 kwa 10. Ila nayo ina kujirekebisha kwake, kwa hiyo chumba cha walinzi kitaidanganya vilevile.

#39 Kipimo_Kimoja
Nimerudi baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Shukrani wote.

Na. 6: kapasita imewekwa, waya umefupishwa. Sasa 425 hadi 450. Inaruka mara moja moja bado.

Na. 5: ABC imezimwa, imekalibretiwa dirishani. Chumba cha walinzi alfajiri kinafika 1600. Nimeomba radhi.

Na. 4 na Na. 2 nimezibadilishana vyumba, ABC nimeiacha kwa zote mbili. Na. 4 kwenye chumba cha pili, ambako umeme hauzimwi, imeshuka yenyewe hadi 452 ndani ya siku tatu. Nikasema Dada_Volti kashinda. Lakini Na. 2, ambayo haikuwa na tatizo, baada ya kukaa chumba cha nne, leo mezani inasoma 538.

#40 Taa_na_Kioo
Taa ya Na. 2 ilikuwa nzima. Wiki mbili haziui taa. Ni vumbi la chumba hicho! Kuna nini mle?

#41 Kipimo_Kimoja
Mashine ya kutolea nakala. Kipima kiko juu yake, kwenye rafu.

#42 Taa_na_Kioo
Vumbi la wino!

#43 Dada_Volti
Joto la mashine! Na ikivuta umeme, soketi hiyo hiyo inazama. Nipimie volti ikiwa inachapa.

#44 Juu_Kileleni
Lakini ameisoma mezani, mbali na joto na mbali na soketi.

#45 Dada_Volti
Kuwashwa na kuzimwa kila siku pia kunachosha. Sijafuta madai yangu.

#46 MwanaDirisha
Chumba cha nne dirisha lake linafunguka?

#47 Kipimo_Kimoja
Limepigiliwa misumari. Sijui tangu lini.

#48 MzeeWaKona
Sensa sita, kurasa kibao, kumbe ilitakiwa nyundo.

#49 Hesabu_Tu
Misumari ingefanya chumba kiwe na CO2 nyingi, sawa. Haiwezi kufanya sensa isome juu ikiwa meza nyingine, dirisha wazi. Ipeleke Na. 1 hapo kwa wiki mbili, mbali na mashine, umeme usizimwe. Kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

#50 Kipimo_Kimoja
Naipeleka leo. Swichi nimeibandikia karatasi "USIZIME". Tuone nani wa kwanza kuizima.